Kaka anahamia Malinyi baada ya msimu wa pamba: watoto waende lini, na nani abaki?

Swali: Mimi ni mkazi wa Mbagala, Dar es Salaam. Kaka yangu analima pamba Meatu, mkoa wa Simiyu. Ardhi imechoka na mvua za siku hizi haziaminiki, kwa hiyo ameamua kuhamia Malinyi, mkoa wa Morogoro, akalime mpunga. Anataka aondoke na familia nzima mwezi Agosti akishauza pamba, pamoja na ng'ombe wachache alio nao. Ana binti wa darasa la saba, kijana wa darasa la nne, mwingine wa darasa la kwanza, na mdogo ambaye hajaanza shule. Mama yetu mzazi yuko Meatu na anasema wajukuu wabaki kwake. Mimi nafikiria niwachukue waje huku Dar. Je, kuhama huku kutawaharibia masomo, na kati ya njia hizi tatu ipi ni bora?

Jibu: Dada, nitaanza na jibu lenyewe kisha nieleze sababu zake. Familia kuhama si lazima kumharibie mtoto masomo. Kinachomharibia ni pengo, yaani zile wiki au miezi ambayo ameshatoka shule moja na bado hajaketi katika shule nyingine, na ukubwa wa madhara hutegemea pengo hilo limemkuta akiwa darasa gani na katika sehemu gani ya mwaka. Kwa watoto wa kaka yako, Agosti ni mwezi mbaya kwa wote watatu walio shuleni. Ushauri wangu ni kwamba kaka atangulie mwenyewe mwezi huo akajenge na kusafisha shamba, wifi yako na watoto wabaki Meatu mpaka shule zitakapofungwa Desemba, kisha wamfuate wakiwa wameshakamilisha uhamisho, ili Januari waanze mwaka pamoja na wenzao. Bibi ana nafasi yake katika mpango huu, nawe pia unayo, ingawa huenda isiwe ile uliyoifikiria.

Tazama kalenda. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufanyika Oktoba. Watahiniwa wa madarasa yote mawili husajiliwa mapema mwaka huo huo kupitia shule wanazosoma, na jina likishasajiliwa Meatu haliwezi kubebwa tu kwenda Malinyi wiki chache kabla ya mtihani. Binti akiondoka Agosti, ama atalazimika kusafirishwa tena kutoka kusini mwa Morogoro hadi Simiyu kwa ajili ya mtihani wa siku mbili, ama ataukosa kabisa, na msichana wa umri wake akikosa mtihani huo kijijini, mara nyingi watu wanaanza kumhesabu kuwa amemaliza shule. Kijana wa darasa la nne naye akikosa upimaji huweza kujikuta akikariri darasa, jambo ambalo kwa mvulana anayehitajika kwenye mifugo ni hatua ya kwanza ya kuacha.

Wa darasa la kwanza hana mtihani wa taifa, na kwa sababu hiyo wazazi wengi humwona kama ndiye rahisi kuhamishwa. Mimi humwogopea yeye zaidi. Mwaka wa kwanza ni mwaka wa kusoma, kuandika na kuhesabu, na masomo hayo hupanda kwa ngazi: mtoto anatambua herufi, anaziunganisha kuwa silabi, silabi zinakuwa maneno, na kufikia mwisho wa mwaka anatarajiwa kusoma sentensi fupi. Anayetolewa wakati wenzake wako kwenye silabi na kurudishwa darasani wakati wenzake wanasoma sentensi hana namna ya kuijaza nafasi hiyo mwenyewe. Darasa likiwa na watoto tisini au mia, ilhali kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, mwalimu hamgundui kwa urahisi, kwa sababu mtoto huyu hujifunza kunakili. Ukifungua daftari lake unakuta mwandiko mzuri, kila neno la ubaoni limeandikwa na pengine kuna alama ya vema, lakini ukiweka kidole chini ya neno na kumwambia asome, anakutazama usoni. Anaweza kuendelea hivyo hadi darasa la tatu au la nne. Tena, kama nyumbani wanazungumza Kisukuma, huko Meatu mwalimu anayekifahamu huweza kumnyoosha pale anapokwama, lakini kwenye darasa lililochanganyika watoto wa Kindamba, Kipogoro na wahamiaji kutoka sehemu mbalimbali, Kiswahili ndicho kitakachotumika mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa miaka saba asiyekimudu vizuri atakaa kimya, na mgeni anayekaa kimya ni rahisi kudhaniwa kuwa mzito.

Kaka yako hayuko peke yake katika safari hii. Kwa miongo kadhaa sasa wakulima na wafugaji kutoka Shinyanga, Mwanza na Simiyu wamekuwa wakishuka kusini na magharibi kutafuta ardhi na malisho, wakapita Tabora, Katavi, Rukwa na bonde la Usangu, wengine wakafika Kilombero, Rufiji na Lindi. Nchi yetu iliwahi kuhamisha watu kwa wingi kuliko huku, wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1973 hadi 1976, na mengi katika zoezi lile yalifanywa kwa nguvu na yakaumiza watu. Hata hivyo shule ilikuwa sehemu ya hesabu yake: watu walikusanywa wakae karibu na huduma, Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na utekelezaji wake ukafikiwa mwaka 1977. Uhamaji wa leo ni wa kila familia kwa wakati wake na kwa njia yake. Watu hutangulia, kitongoji hukua, na shule huja nyuma yao baada ya miaka, kwanza kama madarasa mawili ya nguvu za wananchi.

Hapo ndipo kaka anapaswa kuuliza swali ambalo watafuta mashamba wengi hawaulizi. Shule iliyo karibu na eneo analopewa ni shule kamili au ni shule shikizi? Shule shikizi ni tawi la shule mama, lililofunguliwa ili watoto wadogo wasitembee mbali, na Serikali ilijenga vyumba 3,000 vya madarasa katika vituo vya namna hiyo kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 ulioanza mwaka 2021. Ni msaada mkubwa, ila nyingi huishia madarasa ya chini. Mdogo wa darasa la kwanza atasoma hapo vizuri, lakini kijana anayeingia darasa la tano Januari huenda akatakiwa kwenda shule mama, nayo iko umbali gani, na katikati kuna mto gani? Malinyi si Meatu. Ni bonde la maji, na kuanzia Machi hadi Mei njia ambayo kiangazi ilikuwa ya nusu saa huweza kufungwa kabisa. Kaka akienda kuangalia shamba mwezi Juni atakuta pamekauka na atadanganyika, kwa hiyo awaulize wenyeji masika watoto wanapita wapi.

Kuna uhamaji wa pili ambao huja baada ya kufika, nao katika bonde la mpunga ndio unaokula masomo mengi zaidi. Familia hujenga nyumba kijijini karibu na barabara, lakini mashamba yako mbali bondeni, kwa hiyo mvua zikianza watu huhamia shambani na kuishi huko kwenye vibanda mpaka mavuno ya Mei, Juni au Julai. Watoto hufuata chakula kilipo, na chakula kiko shambani. Mpunga ukianza kutoa suke, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na kazi ya kuwafukuza hupewa watoto kwa sababu haihitaji nguvu. Mvulana wa miaka tisa hupanda kwenye dungu, yaani jukwaa la kulindia shamba, kabla jua halijachomoza, akiwa na debe la kugonga, kombeo na donge za udongo, kwa kuwa ndege hula sana alfajiri na jioni. Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu anapoita majina, huyu yuko juu ya dungu na hawezi kushuka, maana akishuka kwa saa mbili tu kipande kizima cha shamba kinaweza kubaki makapi. Sipendi kumlaumu mzazi anayefanya hivyo, kwa sababu mpunga ule ndio chakula na ndio sare ya mwakani. Lakini ukilitazama daftari la mahudhurio la shule kama hiyo utaona majina yanapungua kuanzia Februari na kurudi baada ya mavuno, na kwa mtoto aliyekosa miezi minne katika kumi, kuwa na jina kwenye orodha hakumsaidii kitu.

Kwa hiyo makubaliano yafanywe sasa, kabla shamba halijalimwa. Wifi yako au ndugu mwingine abaki kwenye nyumba ya kijijini na wanafunzi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, au kaka atenge fedha za kumlipa mtu wa kuwinga ndege kwa wiki zile chache za suke, au waungane na majirani wanne watano, mtu mzima mmoja akae na watoto wa familia zote kijijini kwa zamu huku wengine wakiwa bondeni. Njia hii ya mwisho haina gharama kubwa na inafanya kazi pale majirani wanapoaminiana, ndiyo maana ni afadhali kuchukua shamba jirani na watu waliotoka upande mmoja, hata kama lina mawe kidogo zaidi au liko mbali kidogo na maji.

Halafu kuna ng'ombe. Umewataja kwa maneno mawili tu, lakini kwangu ni jambo zito kuliko yote uliyoandika. Ng'ombe wakifika sehemu ngeni, ambako mashamba yamezungukana na wenyeji hawaijui familia, hawawezi kuachwa wajichunge hata kwa saa moja, maana wakiingia kwenye mpunga wa mtu ni ugomvi, na katika wilaya zile ugomvi wa wakulima na wafugaji umewahi kugharimu maisha ya watu. Lazima wawe na mchungaji kutwa nzima. Huyo ni nani? Kama kaka hajamtaja mtu mzima kwa jina, basi mchungaji ni yule kijana wa darasa la nne, hata kama hakuna aliyelitamka hilo. Kwa maoni yangu auze baadhi ya ng'ombe Meatu kabla ya kuondoka na kutumia fedha hizo kujenga na kuajiri, au awaache kwa ndugu mpaka atakapokuwa na mchungaji wa kulipwa. Mchungaji huyo asiwe mtoto wa familia nyingine, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kumwokoa mwanao kwa kumtoa shuleni mwana wa mwenzako hakuwezi kuitwa suluhisho.

Kuhusu karatasi, wazazi wengi huziona kama usumbufu, huondoka kimya kimya na kutarajia kumaliza mambo mbele ya safari. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake katika PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kuweka kumbukumbu za wanafunzi, na namba hiyo ndiyo inayomtambulisha kokote aendako. Uhamisho huanzia kwa mwalimu mkuu wa shule anayotoka, na shule inayompokea humthibitisha. Mtoto aliyeondoka bila taarifa huandikwa mtoro Meatu, na Malinyi huketi darasani kwa huruma ya mwalimu bila kuwa mwanafunzi wa shule ile kwa maandishi, jambo litakaloonekana siku ya kusajili watahiniwa. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nayo hukokotolewa kwa idadi iliyo kwenye takwimu, kwa hiyo shule inayopokea wahamiaji wasiohesabiwa hufundisha watoto wengi kwa fedha za watoto wachache. Hilo si kosa la kaka yako, ni udhaifu wa mpango wetu unaowahesabu watoto kana kwamba hawahami, na halmashauri zenye wahamiaji wengi zingepaswa kuruhusiwa kurekebisha idadi hiyo katikati ya mwaka.

Mwezi Novemba wifi yako aende kwa mwalimu mkuu akiwa na jina kamili la shule wanayokwenda, na achukue nakala za maendeleo ya kila mtoto pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kaka naye, akiwa Malinyi, ana mlango mzuri wa kupitia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mtu kutoka nje huomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji, na maombi hufika kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Siku hiyo hiyo anayojieleza yeye ni nani na ametoka wapi, awataje watoto wake na madarasa yao, aombe mtendaji wa kijiji ampeleke kwa mwalimu mkuu. Mkulima aliyeanza kwa kuulizia shule huaminika haraka. Na kama kaya yake iko katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), atoe taarifa ofisi ya kijiji mapema kabla ya kuondoka, kwa kuwa sehemu ya ruzuku ile hutolewa kwa sharti kwamba mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku za masomo.

Sasa bibi. Mama yenu ana haki ya kutaka wajukuu, na kwa miezi minne ya Agosti hadi Novemba uwepo wake utamsaidia sana wifi yako. Kama itashindikana kabisa wifi kubaki, basi watoto watatu wa shule wabaki kwa bibi mpaka Desemba, pamoja, bila kumtenganisha mdogo na dada yake. Lakini kuwaacha kwa miaka ni jambo jingine. Bibi huwalisha na kuwapenda, ila mara nyingi hana nguvu za kufuatilia daftari wala kwenda kikao cha wazazi, fedha za kaka zitafika kwa wingi mwezi wa kwanza na kwa kuchelewa mwezi wa sita, na binti atageuka mama wa nyumba ile, wa kuchota maji, kupika na kumuuguza bibi akiumwa. Wakibaki hata kwa muda mfupi, fedha zipangiwe tarehe, ajulikane mtu mmoja mzima mbali na bibi ambaye mwalimu wa darasa ana namba yake ya simu, na kaka azungumze na watoto wenyewe kila wiki, si kupitia mtu.

Kuhusu kuja Dar, naomba unisikilize bila kukasirika, maana najua umelisema kwa mapenzi. Baadhi ya shule za huko Mbagala na kata za jirani zimejaa kiasi cha watoto kusoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, kwa hiyo usidhani mjini watapata nafasi zaidi ya mwalimu kuliko kijijini. Kubwa zaidi ni kazi za nyumbani. Mtoto wa ndugu huletwa mjini asome, kisha mwenyeji anapata kazi ya mbali, mtoto mchanga anahitaji mtu, na taratibu mwanafunzi anakuwa dada wa kazi asiyelipwa. Jiulize nani atakuwa nyumbani kwako saa tisa alasiri, na kama jibu ni yule binti peke yake na wanao, usimchukue. Fedha ambayo ungeitumia kumlisha Dar, mtumie kaka yako Desemba. Atakuwa ameshalipia lori la mizigo Agosti, na nauli ya basi ya wifi na watoto, kutoka Meatu kupitia Dodoma na Morogoro hadi Ifakara na kuendelea Malinyi, ndiyo gharama itakayomshawishi aondoke na wote mara moja. Ukiibeba hiyo, umeyaokoa masomo ya watoto watatu.

Nimalizie na binti, kwa sababu mpango wake hauishii Septemba. Aliyefanyia mtihani Meatu kwa kawaida atapangiwa shule ya sekondari ya huko huko, na matokeo ya uchaguzi hutoka Desemba, wakati familia iko njiani. Msiyasubiri mkiwa Malinyi bila mtu wa kuyafuatilia. Mjomba au jirani mmoja achukue fomu ya kujiunga, binti aripoti kwenye shule aliyopangiwa mara shule zifunguliwapo Januari, na maombi ya kuhamia sekondari ya Malinyi yaanze papo hapo kwa wakuu wa shule mbili hizo na maofisa elimu wanaohusika. Kwa wiki hizo za kusubiri ndipo bibi atakapohitajika kweli, maana binti atalala kwake. Ikiwa mambo yatachelewa na akakaa nje ya shule kwa muda, isichukuliwe kwamba mlango umefungwa: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu wanafunzi wa msingi na sekondari waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali warudi katika shule za kawaida. Mzazi aende na waraka huo kwa Afisa Elimu Kata. Vilevile kabla ya kukubali shule ya Malinyi, kaka aulize kama ina bweni au hosteli, na kama haina, binti atakuwa anatembea kilomita ngapi na pamoja na nani, maana wasichana wengi wanaotoka mbali huishia kupanga vyumba mitaani wakiwa na miaka 14, na hilo asilikubali hata akiahidiwa kwamba wenzake wote wanaishi hivyo.